Mtunza picha za vifua aliyeikuta ya kwake ndani ya bahasha ya marehemu mama yake

Saa mbili na robo asubuhi, mwanamke mwenye koti la buluu anashuka ngazi ishirini na mbili kuelekea chini ya jengo la zamani la hospitali. Mlangoni anasimama, anagonga mara mbili kwa kifundo cha kidole na kusema, "Hodi." Kisha anafungua kufuli.

Ndani hamna mtu.

"Najua hamna mtu," anasema huku akipapasa swichi ya taa. "Lakini wamo. Elfu sitini na kitu. Siwezi kuwaingilia kama naingia bandani."

Anaowasema ni watu wa kwenye picha. Chumba ni kirefu, hakina dirisha, na rafu zake za chuma zinagusa dari. Rafuni zimesimama bahasha za kaki, moja ubavuni mwa nyingine, na kila bahasha ina picha ya eksirei: kifua cha mtu, fuvu la mtu, nyonga ya mtu. Wengine wako hai. Wengine walishakwenda zamani, na mbavu zao zimebaki humu.

Taa zikishawaka, sauti zinaanza. Mkwaruzo mdogo kutoka rafu ya mbali. Kimya. Kisha mwingine, karibu zaidi, mfano wa mtu anayesafisha koo kwa adabu ili asionekane ameingia bila ruhusa.

Ni picha za zamani. Unyevu huzigandisha, na hewa ya mlangoni ikiingia hubanduka zenyewe. Kila mtu hospitalini anaijua sababu hiyo. Hata hivyo, mfanyakazi wa usafi aliyepangiwa ushoroba huu mwaka jana aliomba kuhamishwa siku ya pili.

Mwanamke huyu ana miaka arobaini na sita, na kazi hii ameifanya kwa miaka kumi na tisa. Wenzake wanamwita Mama Mbavu. Halimuudhi jina hilo. "Sura nasahau," anasema, "mbavu sisahau. Nikiwa sokoni namwona mtu bega moja limeshuka, najua huyu nimemshika mkononi, yuko rafu ya kumi na nne."

Asubuhi hii kikaratasi cha kwanza cha kuomba picha kinatoka kliniki ya kifua. Dereva mstaafu amepigwa picha, na kwenye pafu lake la kushoto kimeonekana kidoa cha ukubwa wa kifungo cha shati. Mzee hajapata usingizi siku tatu. Ameshawaambia wanawe wagawane vitu.

Mama Mbavu anapita rafu mbili, anainama, anavuta bahasha moja na kuirudisha, anavuta nyingine. Dakika sita. Mkononi ana picha ya dereva huyohuyo, iliyopigwa miaka tisa iliyopita alipovunjika mbavu.

Juu, daktari wa upasuaji wa kifua anazibandika picha mbili kwenye kisanduku cha mwanga. Ni mama wa makamo, mpole wa sauti, asiye na haraka. Anamwita mzee asogee ajionee.

"Mzee wangu, kidoa hiki unakiona?"

"Nakiona."

"Na hiki cha miaka tisa iliyopita?"

Mzee anakodoa macho. "Kilekile."

"Kilekile. Hakijakua hata punje. Ni kovu la ugonjwa wa zamani, mwili umelizungushia ukuta. Tutakifanyia kipimo kimoja zaidi ili moyo wako utulie, lakini sioni cha kukata hapa."

Mzee anakaa chini kwa nguvu hadi kiti kinalia. "Na vitu nimeshagawa!" anasema, na chumba kizima kinacheka.

Daktari huyo anaeleza kwamba watu wengi humjia wakiwa na mawazo mawili yanayopingana. Wapo wanaodhani kila doa kwenye pafu lazima likatwe, na wapo wanaodhani kifua kikifunguliwa mtu haponi. "Wote wawili wananipa kazi," anasema. "Mimi hukata pale ambapo ugonjwa umekaa mahali pamoja, dawa haiwezi kuufikia, kuuacha ni hatari kuliko kuutoa, na pafu litakalobaki linatosha kuubeba mwili. Sharti moja likikosekana, tunakaa na kuzungumza upya. Na mara nyingi jibu liko kwenye picha ya zamani, kwa yule mama kule chini."

Hakuna anayelijua hilo vizuri kuliko yule mama wa kule chini.

Miaka kumi na mitatu iliyopita aliugua kifua kikuu. Alimeza dawa miezi sita bila kuruka siku, akapona, akapigwa picha ya mwisho na kurudi kazini. Aliambiwa kwamba ugonjwa umemwachia pango dogo juu ya pafu la kulia, tundu tupu lenye ukubwa wa yai. Halikumuuma. Alilisahau, kama mtu anavyosahau chumba cha nyumba ambacho hakitumii.

Mwaka juzi, chumba hicho kilipata mpangaji.

"Ilianza kwa kuinama," anasimulia. "Nikiinama kuvuta bahasha ya rafu ya chini, nasikia kitu kinahama. Hakiumi. Kinahama tu. Nikisimama, kinarudi mahali pake. Kama gololi ndani ya kopo, ila polepole."

Hakumwambia mtu. Angemwambia nani, na amweleze nini? Kwamba kuna kitu kinatembea kifuani mwake? Akiwa peke yake katikati ya rafu alikuwa akiinama makusudi na kusimama, ili kuhakikisha kwamba hajarukwa na akili. Kila mara kilihama. Kila mara kilirudi.

Kisha ikaja damu. Mara ya kwanza ilikuwa michirizi kwenye kitambaa. Mume wake, fundi wa kushona makochi, alikiona kitambaa kwenye beseni la nguo.

"Hii nini?"

"Fizi."

Wiki tatu baadaye, wakiwa mezani mchana wa Jumapili, alikohoa na kukimbilia sinki. Mume alimfuata. Alisimama nyuma yake, akaangalia.

"Fizi gani hizo zinazojaza kikombe?" aliuliza. "Mke wangu, kesho mimi na wewe tunakwenda kliniki. Na ukikataa nitakubeba, watu waone."

Mpiga picha wa eksirei ni kijana aliyefanya naye kazi miaka mingi, na humwita dada. Alimpiga picha akiwa amesimama. Akaiangalia kwenye kioo cha mashine, akamwomba alale ubavu, akampiga tena. Akarudi kwenye kioo.

"Sema, kaka."

"Dada, njoo uone mwenyewe."

Pango halikuwa tupu tena. Ndani yake lilikaa donge jeupe la mviringo, na juu ya donge ulibaki mstari mweusi uliopinda mfano wa mwezi mwandamo: hewa iliyokosa pa kukaa. Kwenye picha ya pili, aliyopigwa akiwa amelala ubavu, mwezi ulikuwa umegeuka. Donge lilikuwa limebingirika.

"Nilijiambia, basi sikuwa mwehu," anasema. "Halafu nikaomba kiti."

Lilikuwa donge la kuvu, jamii moja na ule ukungu unaoota kwenye mkate. Daktari anasema vijimbegu vyake viko kwenye hewa tunayoivuta wote, na mwenye mapafu mazima huvitoa bila kujua. Lakini vikipata pango la zamani lenye joto na giza, vinaweza kuota humo na kufungamana miaka na miaka. Hakuna anayeweza kusema alivivuta wapi.

"Si kila mwenye donge namna hii hupasuliwa," daktari anaongeza. "Likikaa kimya, tunaliangalia tu. Dawa za vidonge hazifiki vizuri ndani ya pango. Lakini likianza kusugua mishipa na kutoa damu nyingi, hapo kila mwezi unaopita ni bahati nasibu. Kwake nilihitaji kujua jambo moja: pango hili lilikuwa tupu lini, na limejaa kwa kasi gani? Nikamwambia, niletee picha yako ya zamani."

Hapo ndipo kazi yake ilipomgeukia.

Alishuka ngazi, akagonga, akaingia, akaenda moja kwa moja kwenye bahasha yenye jina lake. Ilikuwa tupu. Mwaka ule alipougua, nafasi yake ilishikwa na mtu mwingine, na mtu huyo alirudisha picha nyingi ovyo. Alitafuta siku tatu. Alipekua rafu ya juu na ya chini, nyuma ya rafu, hadi ndani ya makasha ya picha za miguu.

Siku ya nne, kati ya bahasha za jirani na yake, ilibaki moja tu ambayo hakuwa ameifungua.

Alijua ilipo. Amejua tangu wiki yake ya kwanza kazini, miaka kumi na tisa nyuma. Ina jina lilelile la ukoo na herufi ileile ya mwanzo. Ni bahasha ya mama yake mzazi, aliyefariki yeye akiwa na miaka kumi na mmoja.

"Nilikuwa naipita kila siku," anasema. "Mwingine angeifungua siku ya kwanza. Mimi sikuweza. Nilijiambia, mama akae humo kimya, mimi nifanye kazi. Kuna siku nilikuwa naigusa mgongo tu, napita."

Alipoifungua, zilitoka picha tatu. Alizibandika zote kwenye kisanduku kidogo cha mwanga alicho nacho mezani.

Zilikuwa vifua vitatu vya mwanamke mmoja. Hivyo ndivyo alivyoona. Mabega yaleyale membamba, shingo ileile ndefu, mfupa wa kola wa kulia umepanda kidogo kuliko wa kushoto. Na juu ya pafu la kulia, katika picha zote tatu, pango.

"Picha nimezisoma miaka yote hii, na siku hiyo nilishindwa kujitambua. Sikujua mimi ni yupi na mama ni yupi."

Ilibidi atafute tarehe pembeni, zile namba za madini ya risasi zinazoonekana nyeupe kwenye picha. Moja ilikuwa yake, ya miaka kumi na mitatu nyuma, na pango lake lilikuwa tupu. Mbili zilikuwa za mama yake. Ya kwanza ya mama, pango tupu. Ya pili, iliyopigwa miezi miwili kabla ya kifo chake, ilikuwa na donge, na juu ya donge mwezi mwandamo.

Akaichukua picha yake mpya, ile ya wiki hiyo, akaiweka kando ya ile ya pili ya mama. Anasema chumba kizima kilikuwa kimya wakati huo. Hakuna picha iliyobanduka, hakuna rafu iliyolia. "Kama vile wote wamezuia pumzi wasikie nitasema nini."

Alitikisa bahasha ili azirudishe picha, na kikaratasi kikadondoka. Kilikuwa kimekunjwa mara mbili, wino umegeuka kahawia. Maneno yalikuwa machache: *Upasuaji umeshauriwa. Mgonjwa hakurudi.*

Alikaa sakafuni. Kisha akampigia simu mama yake mdogo, aliyemlea, ambaye sasa ana miaka sabini na tatu.

"Mama mdogo, uliwahi kusikia kwamba mama aliambiwa apasuliwe?"

Upande wa pili kiti kilivutwa.

"Nani kakwambia?"

"Nimeona karatasi."

"Alituambia, mwanangu. Tulikuwa tumekaa uani. Jirani mmoja akasema mtu akifunguliwa kifua, roho inapata mlango. Tukaogopa. Mimi pia niliogopa, sikufichi. Mama yako akasema atakwenda, ila kwanza wewe ufunge shule, asikuache peke yako katikati ya mitihani." Bibi huyo alipumua. "Ulifunga shule Ijumaa. Yeye alitoka damu Jumatano ya wiki hiyohiyo."

Jumatano hiyo anaikumbuka. Alirudi nyumbani na kukuta majirani wameosha sakafu. Ilikuwa bado na maji. Miaka thelathini na mitano hakuna aliyemweleza ni nini kilichooshwa.

Kesho yake alimpelekea daktari picha mbili za kwake. Za mama yake alizishika mkononi bila kuzitoa, mpaka daktari alipouliza.

Maandalizi yalichukua wiki tano. Walimpima makohozi kuhakikisha kifua kikuu hakijarudi. Walimpulizisha mashine inayopima nguvu ya pumzi, wakampandisha ngazi huku wakihesabu mapigo ya moyo. Daktari alimchorea mapafu mawili kwenye karatasi: la kulia lina sehemu tatu, la kushoto mbili. Yeye angeondolewa ile ya juu ya kulia, pamoja na pango lake na kilichomo. Hakufichwa kitu. Aliambiwa kwamba upasuaji wa pango la namna hii una hatari kuliko mwingine, kwa sababu pafu hujigandisha kwenye ukuta wa kifua na damu inaweza kupotea nyingi.

"Nilimuuliza, kama ungekuwa wewe?" anakumbuka mume wake. "Akasema, 'Nisingelala nikisubiri kikombe kingine.' Hapo nikatia saini."

Upasuaji ulichukua saa tano na nusu. Alipozinduka hakujua yuko wapi, ila alisikia kitu kikipumua kando ya kitanda, chini, karibu na sakafu. Akazuia pumzi. Na chenyewe kikazuia. Akaivuta taratibu. Nacho kikavuta.

Ilikuwa chupa. Mrija wa mpira ulitoka ubavuni mwake ukaingia kwenye chupa yenye maji, na hewa iliyovuja kutoka pafu lililokatwa ilitoka humo kwa mapovu. Muuguzi alimweleza mara tatu, naye alielewa mara zote tatu. "Lakini uelewe usielewe, pumzi yako ikiwa imewekwa sakafuni na wewe uko juu, hulali."

Mapovu yaliendelea siku kumi na moja, mengi kuliko ilivyotarajiwa, na kulikuwa na mazungumzo ya kumrudisha chumba cha upasuaji. Maumivu anasema hayasimuliki. Kila asubuhi mtaalamu wa mazoezi alimlazimisha akohoe akiwa amekumbatia mto, ili pafu lililobaki lijitanue na kujaza nafasi. Alimchukia mtu yule kwa moyo wake wote. Siku ya kumi na mbili aliamka na chupa ilikuwa kimya. Akalia, na kwa mara ya kwanza kulia hakukuuma sana.

Alipungua kilo tisa. Alikaa nyumbani miezi minne. Aliporudi kazini, alisimama kwenye rafu ya chini, akainama, akasubiri.

"Hakikuhama kitu. Nikainama tena. Hakuna. Unajua, nilijisikia mpweke kidogo. Usinicheke."

Leo anavaa barakoa akiwa chini, na uongozi umeweka feni ya kutoa hewa. Akipanda ngazi zote kwa mkupuo hutweta, lakini anapanda. Damu haijarudi.

Kilichobadilika ni jinsi anavyozifungua bahasha. Zamani alitoa picha tu. Sasa hutazama na karatasi zilizomo. Katika miezi sita ya kwanza alikuta bahasha sitini na tatu, zikiwa na maneno yaleyale au yanayofanana nayo: aliambiwa arudi, hakurudi. Alizipeleka kwa daktari. Hospitali ikampa ruhusa, yeye na muuguzi wa kliniki ya kifua, kuwatafuta wenyewe kwa simu kila Ijumaa mchana.

Si kazi ya furaha. Namba nyingi hazipo tena. Mara kwa mara hupokea mtoto au mjane, na anaposikia neno hospitali hujibu, "Mmechelewa, mama." Siku moja alipokea mtu aliyesema marehemu amezikwa asubuhi hiyo. Lakini kumi na mmoja wamepatikana wakiwa hai, na saba wamekuja. Kati yao, wawili tu ndio waliohitaji kupasuliwa. Wengine walipewa dawa, au waliambiwa waendelee na maisha yao na kuja kuangaliwa kila mwaka.

"Watano walijificha miaka kwa kuogopa kisu ambacho hakikuwapo," anasema muuguzi.

Muda si mwingi. Picha mpya sasa zinahifadhiwa kwenye kompyuta, na uongozi umeamua kwamba zote zenye zaidi ya miaka kumi ziondolewe kabla mwaka haujaisha. Mnunuzi ameshapatikana. Ataziosha ili atoe madini ya fedha yaliyopakwa juu yake, na itabaki plastiki tupu inayopitisha mwanga. Mama Mbavu ameomba bahasha zenye vikaratasi zibaki hadi kila mmoja awe ametafutwa. Amekubaliwa, kwa mdomo. Anataka aandikiwe. Anataka pia, kabla ya lori kuja, apewe mtu wa kumsaidia kupekua rafu ishirini na sita ambazo hajazigusa.

Ni Ijumaa, saa nane mchana. Anabonyeza namba iliyoandikwa kwa penseli miaka minane iliyopita. Simu inaita kwa muda mrefu. Inapokelewa.

Hakuna sauti. Kuna pumzi tu, nzito, na mwisho wa kila pumzi kifilimbi kidogo.

"Usiseme kwanza," Mama Mbavu anasema taratibu. "Vuta pumzi. Nakusubiri."

Pumzi tatu, nne. Kisha sauti ya mwanamume, ya mtu mzima. "Nani amekupa namba hii?"

"Uliiacha mwenyewe, baba. Napiga kutoka hospitali, kliniki ya kifua."

Muuguzi ameacha kuandika.

"Nilidhani mlishanisahau," inasema sauti.

"Hatujakusahau. Alhamisi daktari yupo. Utakuja na nani?"

"Nina mke wangu." Kifilimbi kinapanda, kinashuka. "Lakini mama, niambie kweli. Nikija, nitapasuliwa?"

Mama Mbavu anahamisha simu sikio la pili.

"Sijui, baba. Huenda hapana. Njoo tuangalie."